Ndagala Zilizouzwa Zikiwa Bado Majini

Mke wangu aliitwa Pudentienne. Alikufa mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, kabla ya mvua ya mchana. Nasema habari zake mimi mwenyewe kwa sababu waliomjua wanaisha, na waliobaki wana haraka.

Hakuzaliwa kando ya ziwa. Alitoka tambarare ya Ruzizi, kwa watu wanaosema Kirundi, watu wa mihogo na mpunga na misa ya Jumapili. Mimi ni Muvira, mtu wa maji. Nilipomleta hapa Uvira alikuwa anaogopa ziwa. Alichota maji na uso ameugeuza pembeni, kama mtu anayepokea kitu mkononi mwa mkwe wake. Dada zangu walicheka.

"Thaddée, umetuletea bibi wa shamba," walisema. "Siku ndagala zitaota juu ya muti, huyu atakuwa tajiri."

Pudentienne aliwaangalia mikono wakianika. Mwaka haukuisha, akawa anajua kuanika ndagala, dagaa wetu wa ziwa, kuliko wao.

Mimi nilikuwa kapita wa mtumbwi, mkubwa wa wavuvi. Mtumbwi haukuwa wangu, ulikuwa wa Frédéric, mtu wa mjini aliyeogopa kulowa. Tukisema mtumbwi, ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu uko katikati. Tunatoka jioni watu saba. Tunawasha taa za presha, ndagala zinafuata mwanga, tunainua wavu. Kukicha tunarudi.

Lakini mbalamwezi ikiwa kubwa ndagala hazifuati taa. Siku kama kumi za kila mwezi mtumbwi unalala mchangani. Siku hizo wavuvi hawana kitu. Wanashona nyavu na njaa yao.

Kwa hiyo huku kwetu kila mtumbwi ulikuwa na mama wake. Mama wa mtumbwi anawapikia wavuvi siku zote za mbalamwezi. Giza likirudi, na mtumbwi ukirudi na samaki, mabeseni yake yanajazwa kwanza, kabla ya mfanyabiashara yeyote. Anaanika, anauza, analisha nyumba yake na wavuvi tena. Hakuna aliyeandika hayo. Hakuna aliyehitaji kuyaandika.

Mama wa mtumbwi wetu alikuwa Apollinarie, mjane mzee. Alipokufa ndipo Pudentienne alipoona desturi ya mwisho. Siku ya kuondoa kilio, watu wa nyumba ya marehemu wanachukua beseni lake alfajiri. Wanaliweka mchangani pale mtumbwi unapotua, tupu, mdomo juu. Hawasemi neno. Kuomba ni aibu. Beseni ndilo linaloomba. Kapita akiliona, analijaza kwa samaki wa kwanza kutoka mtumbwini, na samaki hao ndio wanaoliwa kumaliza kilio.

Beseni la Apollinarie nililijaza mimi. Pudentienne alilibeba kichwani mpaka kwa marehemu. Tukiwa njiani akaniuliza bila kugeuka, kwa sababu ya mzigo:

"Na mi, siku yangu, mutanijazia hivi?"

"Nitakujazia mi mwenyewe."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu."

Akaridhika. Baada ya hapo wavuvi walimwomba yeye awe mama wa mtumbwi. Alinunua beseni jipya la bati, jeupe, lenye ua jekundu lililochorwa chini. Alisema likijaa vizuri, ua halionekani.

Aliwapikia kama watu wa kwao wanavyowapikia wanaokuja kuwalimia. Kwao unamlisha mtu kabla hajashika jembe. Bugali, sombe ya majani ya mihogo, maharage, na pilipili pembeni kwa anayetaka. Clovis alikuja kwetu akiwa mtu mzima tayari, ametoka milima ya Lemera, hajui hata kuogelea. Mbalamwezi yake ya kwanza alikula sahani tatu. Pudentienne akamwangalia.

"Clovis, hii tumbo uliiazima kwa nani? Umurudishie, anaitafuta."

Wavuvi walicheka mpaka Venant akaanguka juu ya wavu. Venant ndiye aliyekuwa na mdomo usiofungwa katika mtumbwi wetu. Tangu siku ile Clovis alimwita Pudentienne mama, na hakuita hivyo kwa heshima tu.

Zamani tukiwa majini hatukuwa na namna ya kusema na watu wa kando. Tulikuwa na taa. Mtumbwi uliopata samaki uliacha taa ya mbele ikiwaka hata kama kumeshakucha. Uliokosa ulizima zote. Wanawake walisimama mchangani wakiangalia. Pudentienne alijua taa yetu kati ya taa ishirini. Alisema yetu inawaka kama mtu anayekohoa.

Lakini ili uione taa lazima usimame. Alisimama kila alfajiri, kwa baridi, kwa mvua, Victoire mtoto wetu akiwa mgongoni. Kikohozi kikaja kwake mwenyewe. Nilikuwa nikiteremka mtumbwini nasikia kifua chake kabla ya kumuona uso.

Basi mwaka mmoja ndagala zilikuwa nyingi. Nikaenda sokoni nikanunua simu mbili ndogo, zile zenye tochi. Mimi sikusoma. Kijana aliyeniuzia alinionyesha vitufe viwili.

"Muzee, kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Hii ingine yote iko ya wasomi."

Nikampelekea yake.

"Mama Victoire, sasa utalala. Tukikaribia nitakuita."

"Kutoka ndani ya maji?"

"Kutoka ndani ya maji."

"Na samaki hazitasikia?"

Yeye pia hakusoma, lakini namba yangu aliishika kichwani, tarakimu moja moja, akizihesabu kwa vidole kama shanga za rozari. Mimi sikuishika. Sikuona sababu ya kujua namba ya kujiita mwenyewe.

Ule ulikuwa msimu mzuri. Katikati ya ziwa hakukuwa na rezo, simu haishiki. Tukikaribia, milima ikianza kuonekana, rezo inakuja, nami nabonyeza kijani. Yeye anaamka, anajifunga vizuri, anakuja na mabeseni wakati tunatua. Kifua kikapoa. Venant hakuniacha.

"Nyamazeni, kapita anaomba ruhusa kwa bibi ya kuteremka."

"Kapita, muulize kama bugali iko moto."

Na sauti yake ikitoka katika simu: "Mwambie Venant mudomo yake inamaliza inite za simu ya bwana yangu."

Nilidhani nimefanya jambo jema. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilidhani.

Frédéric akasikia kwamba kapita wake ana simu. Akataka namba. Pudentienne mwenyewe alimtajia, akihesabu kwa vidole, akitabasamu, kwa sababu alikuwa mwenye mtumbwi na alistahili heshima. Kwanza Frédéric aliniita mara moja kwa wiki, kuuliza kama nyavu ni nzima. Halafu kila alfajiri.

Siku ile tulikuwa tumepata kweli. Tulikuwa bado mbali kidogo. Taa ya mbele nilikuwa nimeiacha ikiwaka, mazoea tu. Simu ikalia.

"Kapita, mumepata?"

"Tumepata."

"Mabeseni ngapi?"

"Kumi na mbili. Inaweza kuzidi."

"Usiuze hata moja. Mama Georgette anakuja na gari. Anachukua yote."

"Na mama wa mtumbwi?"

Frédéric akacheka. "Mama wa mtumbwi ni bibi yako, kapita. Mutasikilizana nyumbani."

Georgette alikuwa mfanyabiashara wa Mulongwe. Alikuwa na frigo tatu za kuwekea samaki, na wateja wa Bukavu waliompigia simu kila asubuhi kuuliza. Hakuwa mtu mbaya. Aliniamkia vizuri, akaniuliza habari za watoto, na vijana wake wakati huo walikuwa wanapakia.

Pudentienne alikuwa amesimama na mabeseni yake mawili, moja ndani ya jingine. Nilikuwa nimemwita kama kawaida. Nilimwita kabla ya Frédéric kunipigia. Sikumrudia kumwambia.

"Hizi za nani?"

"Za Mama Georgette."

"Tangu lini?"

"Tangu tukiwa majini."

Aliangalia simu. Niliivaa shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, maji yasiingie.

"Ulisema ni simu," akasema. "Kumbe uliniletea mukemwenza."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mimi nilicheka kidogo, pamoja na watu. Hicho kicheko bado ninacho.

Kesho yake niliizima. Tukatua, nikamjazia mabeseni yake, Georgette akapata yaliyobaki. Jioni Frédéric akaja mwenyewe mpaka mchangani, na viatu vyake.

"Kapita, mutumbwi iko ya nani?"

"Yako."

"Basi. Kuna watu wengi wanajua kuinua wavu. Mi nitatafuta mwenye kupokea simu."

Nilikuwa na watoto wanne wakati huo. Nilipokea simu. Niliipokea miaka tisa. Na mitumbwi mingine ikafanya vilevile, mmoja baada ya mwingine, mpaka taa za alfajiri zikaisha. Hakuna aliyeziwasha tena kukicha. Za kumwonyesha nani? Samaki walikuwa na mwenyewe kabla ya kufika.

Pudentienne aliendelea kuwapikia wavuvi siku za mbalamwezi. Nilimkataza.

"Wacha. Samaki zao ni za Georgette. Georgette awapikie."

"Georgette anajua kama Clovis hakuli pilipili?"

Akachochea moto.

Chakula cha kuwapikia alikitoa wapi? Alianza kununua ndagala kidogo kwa mitumbwi ya mbali, ile midogo isiyo na mteja. Akaanika, akafunga mzigo, akapanda gari mpaka chini ya mlima, halafu kwa miguu mpaka Lemera. Huko alikuwa na watu wake tangu zamani. Walimngoja kwa ajili ya samaki na kwa ajili ya habari. Nani ameoa, nani amezaa, ziwa likoje, barabara ikoje. Alikaa katika nyumba zao, akala kwao, akauza polepole.

Simu zikafika na kule. Alikuta mwanamke aliyempokea miaka yote anamwambia:

"Mama Pudentienne, tulipiga simu chini leo asubuhi. Bei imeanguka."

"Mi nilinunua juzi."

"Ya juzi ni ya juzi, mama. Na habari zako tunazo zote, karibu ukae."

Kwao ilikuwa vizuri. Siwezi kusema uongo. Watu wa mlimani walidanganywa bei miaka mingi, sasa walikuwa hawadanganywi. Lakini yeye hakuwahi kuwadanganya. Alirudi na nusu ya mzigo mgongoni, umelowa, umeanza kunuka.

"Bei inapanda mulima mbele yangu," aliniambia. "Mi na miguu, yeye na rezo."

Akaenda mara tatu tena. Halafu akaacha.

Mgongo wangu ukakataa kazi. Clovis akawa kapita. Nilifurahi, alikuwa mtoto wa sahani zetu. Simu yangu niliitia ndani ya sanduku. Nani angenipigia?

Halafu ziwa likapanda. Mwanzoni tulisema litarudi. Lilikula mchanga wa kuanikia, likala choo, likala mpapai, likaingia jikoni. Asubuhi moja tulikuta sufuria zinaelea. Sufuria kubwa ya wavuvi ilikuwa imefika mlangoni, kama inatoka. Pudentienne alikaa juu ya kitanda, miguu juu, akaangalia maji hayo. Simu yake ilikuwa chini, imelowa. Hakuiokota.

"Nilikuogopa tangu mwanzo," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

Tukahamia mtaa wa Songo kwa Victoire, katika chumba kimoja. Alibeba beseni lenye ua, na nguo. Huko hakuwa na wavuvi wa kupikia. Mbalamwezi ikija alitoka nje, anaiangalia, anarudi ndani. Siku moja nilimkuta ametia bugali ya watu saba. Victoire akamwuliza ni ya nani. Akasema mkono umezoea.

Kikohozi kilirudi. Tulikwenda kwa waganga wa dawa, wakafanya walichoweza. Sina neno juu ya mtu. Kifua kilikuwa kimechoka. Alianza kusema Kirundi peke yake, maneno ya mama yake, majina ya mashamba. Siku tatu kabla ya kwisha aliniita karibu. Alisema kwa Kiswahili, ili nielewe vizuri.

"Beseni yangu usiiuze."

"Siuzi."

"Siku ya kuondoa kilio, iweke mchangani."

"Nitaiweka."

"Usiombe. Usinunue. Ya kununua nisile. Nililisha ile mutumbwi miaka makumi mawili na kitu. Wataniona."

"Watakuona."

"Ulisema mpaka juu."

"Mpaka juu, Mama Victoire."

Akafunga macho. Hakuomba kitu kingine. Maisha yake yote hilo ndilo aliloomba, beseni moja la ndagala, kutoka mkono wa watu aliowalisha, ijulikane kwamba alikuwa mama wa mtumbwi na si mwanamke aliyepita tu hapo kando.

Kumzika walikuja wengi. Clovis alikuja na wavuvi wote, wakabeba sanduku. Clovis alilia kama mtu asiyejali kuonwa. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi. Nilijua watakumbuka.

Siku ya kuondoa kilio niliamka mapema. Victoire alikuwa amewasha moto, ameweka maji, ametayarisha nyanya na chumvi. Watu wangekuwa kama arobaini. Nilichukua beseni, nikalifuta kwa kitambaa. Nikateremka.

Pale tulipokuwa tunatua hapakuwa na mchanga tena. Maji yalifika kwenye kuta za nyumba zilizovunjika. Nilitafuta jiwe kubwa lililo juu ya maji, nikaliweka beseni hapo, tupu, mdomo juu. Nikasimama nyuma kidogo, maji kwenye vifundo vya miguu. Sikutaka wadhani nimekuja kuomba.

Kukaanza kupambazuka. Mitumbwi ikaja. Hakuna taa iliyowaka. Niliujua wetu kwa namna Clovis anavyopiga kasia, mpigo wa kushoto mrefu kuliko wa kulia, nilimkanya mimi na hakusikia. Ulikuja kama unakuja kwangu. Nikajinyoosha.

Halafu ukageuka. Ukaelekea upande wa Mulongwe, kule ambako barabara inakaribia maji na gari linaweza kusimama. Mwingine ukapita vilevile. Na mwingine. Nilihesabu mpaka wa sita, nikaacha.

Nilikaa kidogo, nikidhani labda watarudi. Halafu nikachukua beseni nikatembea. Mguu wangu si wa zamani. Nilipofika, gari lilikuwa limeshapakiwa zaidi ya nusu.

Venant aliniona wa kwanza. Aliona beseni. Venant, mwenye mdomo ule, akaanza kukunja kamba iliyokuwa imekunjwa tayari.

Clovis akageuka.

"Papa."

"Clovis."

Akaangalia beseni. Niliona maana yake inamfikia, polepole.

"Leo ndiyo siku?"

"Leo."

"Hakuna mutu alituambia, papa."

"Beseni lilikuwa pale."

"Pale hatutui tena. Tangu maji yapande hatutui pale. Mama Georgette anatuambia ku simu, leo muteremkie fasi fulani, tunateremkia ile fasi." Akajifuta uso kwa mkono wenye magamba. "Ungenipigia tu, papa. Jana, saa kumi ya jioni. Hata kubipu tu. Ningebakisha. Ningebakisha beseni mbili."

Nilitaka kumwambia kwamba hili halipigiwi simu. Kwamba ukipiga simu umeomba, na ukiomba halina maana tena. Lakini yeye hakuona Apollinarie akijaziwa. Alikuja baadaye. Yale aliyoyajua ya mama wa mtumbwi ni bugali tu. Wa kumfundisha nilikuwa mimi, nami sikumfundisha, nilidhani mambo kama hayo yanakaa mchangani yenyewe.

"Ngoja," akasema. "Ngoja nimupigie."

Akampigia Georgette. Akaweka sauti kubwa ili nisikie. Labda alifikiri itanifariji.

"Mama, niko na papa Thaddée hapa. Ni kuondoa kilio ya mama leo. Anatafuta beseni moja."

"Sitafuti," nikasema.

"Pole sana, papa," sauti ya Georgette ikasema. "Mama Victoire alikuwa muntu mzuri, kweli. Lakini batu ya Bukavu nimeishawapa hesabu, gari wanaingojea. Niseme nini kwao? Clovis, sikia, mwambie papa anipe namba yake, nimutumie kitu ku simu, anunue anachotaka ku soko. Ni mimi namupa, si deni."

Alisema vizuri. Hata leo sina hasira naye.

"Papa, namba yako?" Clovis akauliza.

Nikaangalia vidole vyangu.

"Namba yangu aliijua Pudentienne," nikasema.

Wavuvi wote walikuwa wameacha kazi. Clovis akakata simu. Akaingia mtumbwini, akainama, akakusanya kwa mikono miwili zilizobaki chini kabisa, katika maji machafu, zilizokanyagwa. Akazitia katika beseni langu. Akainama tena, akapata chache zaidi katika wavu. Ua jekundu lilionekana lote, na ndagala kando yake.

"Siku ingine, papa, utuambie mbele. Tafadhali. Siku ingine tutajaza."

"Siku nyingine ya nini, Clovis?"

Simu ikalia mkononi mwake. Akaiangalia, akaniangalia.

"Pokea," nikamwambia. "Ni kazi."

Nikaondoka na beseni. Nilipopita ukuta, mahali asiponiona, nilizimwaga majini. Sikutaka aone. Alikuwa amenipa alichokuwa nacho. Lakini za mwisho haziondoi kilio cha mama wa mtumbwi.

Victoire alikuwa mlangoni. Maji yake yalikuwa yanachemka. Aliangalia ndani ya beseni, halafu akaangalia barabara nyuma yangu, kama kuna mtu mwingine anayekuja na mzigo. Akarudi ndani akatoa maharage.

Watu walikula maharage. Walisali, walisema maneno mazuri. Mama mmoja mzee wa kando ya ziwa, wa wakati wetu, alinisogelea na sahani yake mkononi.

"Na beseni?"

"Limerudi."

Akaangalia sahani. Akala. Hakuniuliza tena, na hakumwambia mtu, namshukuru kwa hilo.

Clovis alikuja jioni na mfuko wa sukari. Alikaa, akanywa chai, akaondoka. Amekuja mara mbili tena tangu hapo. Anasema habari za rezo, za bei, za ndagala zinavyopungua. Nasema ndiyo.

Usiku silali vizuri. Mbalamwezi ikiwa kubwa najua wavuvi wako mchangani, popote mchanga ulipo sasa, na hakuna anayewapikia. Sijui wanakula nini.

Beseni liko nje, karibu na mlango, mdomo juu. Mvua ikinyesha linajaa maji. Victoire anayamwaga, halafu analirudisha vile lilivyokuwa. Aliwahi kuuliza kama aligeuze. Nikamwambia aache. Nilimwambia mama yake nitalijaza mimi mwenyewe.